Noti Kuukuu na Kipimo cha Thamani Yake

Wahakiki wetu wamezoea kuhakiki tenzi, tamthiliya, riwaya na ngoma, na kwa kazi hiyo tunawashukuru. Liko, hata hivyo, andiko moja ambalo kila mwananchi amepata kulishika mkononi, ajuaye kusoma na asiyejua, nalo halijapata mhakiki wa kutosha miongoni mwetu. Andiko hilo ni noti. Noti ina maneno yaliyochaguliwa, ina picha, ina sahihi za wakubwa, ina mchapaji, ina toleo la kwanza na matoleo yanayofuata, na mara nyingine ina makosa ya chapa kama kitabu chochote. Aidha ni kitabu kinachosomwa haraka mno, kwa kuwa msomaji wake hutazama tarakimu tu kisha hukipitisha kwa mwenziwe.

Wapo watu ambao huisoma noti polepole. Hao ni wakusanyaji. Kazi yao ina sehemu mbili: kwanza kuitambua noti, yaani kujua ni ya serikali ipi, ya mwaka gani, ya toleo lipi, ya kweli au ya bandia, na pili kuipa bei. Sehemu ya kwanza ni elimu safi, nasi tunaona inafaa kuingia katika madarasa ya historia na ya Kiswahili. Juu ya sehemu ya pili tuna ugomvi nayo, na ugomvi huo ndio uliotufanya tushike kalamu.

Jambo lenyewe limekuwa la haraka. Kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili mwaka 2025, Benki Kuu ya Tanzania iliziondoa katika mzunguko noti za zamani zilizotolewa kati ya mwaka 1985 na 2003, pamoja na noti ya shilingi 500 ya mwaka 2010. Mwananchi aliyekuwa nazo alizipeleka benki akapewa nyingine za thamani ile ile. Baada ya siku ya mwisho, noti hizo si malipo halali tena. Kwa mtu wa mjini miezi mitatu yatosha. Kwa bibi aliyezificha ndani ya kibuyu huko Bashay, katika nyanda za juu za Mbulu na Hanang, habari humfika baada ya mlango kufungwa. Basi noti iliyosalia nyumbani mwake imebaki na njia tatu: jikoni, jalalani, au katika mkoba wa mchuuzi apitaye akinunua vitu vya kale. Na mchuuzi anajua bei, ambapo bibi hajui.

Tumeichagua Bashay si kwa sababu ina utajiri wa noti. Wairaqw na Wadatoga wa pande zile hawakuwahi kuziamini karatasi sana. Fedha ilipita mikononi mwao njiani kutoka kwa ng'ombe kwenda kwa ng'ombe. Mtu aliuza fahali mnadani, akalipa kodi na karo, akanunua blanketi na chumvi, na kilichobaki kikageuka ndama. Kwa hiyo noti iliyobaki nyumbani katika nchi kama ile ilibakizwa kwa makusudi, na makusudi hayo aghalabu yana hadithi. Jambo jingine ni nyumba yenyewe. Tembe la Kiirak la zamani, lililochimbwa ubavuni mwa mlima na kuezekwa kwa udongo, lilikuwa na moto usiozimika, na kila kilichochomekwa darini kilikula moshi. Tutaurudia moshi huo.

Tuanze na utambuzi, na mwalimu wa kwanza wa utambuzi ni lugha yenyewe. Mwanafunzi asemaye "sina hela" anataja fedha ya Mjerumani pasipo kujua, kwani hela ni heller, senti ya koloni lile. Hapo mwanzo rupia moja ya Kijerumani iligawanywa katika pesa 64, kwa desturi ya Kihindi. Mwaka 1904 hesabu ikabadilishwa, rupia ikawa heller 100. Pesa ni neno la Bara Hindi, na Wajerumani wenyewe walilichonga juu ya sarafu zao za shaba za mwaka 1890. Fedha ni neno la Kiarabu, nayo ni ile madini nyeupe. Shilingi ilikuja na Mwingereza. Hata daladala tunazopanda zimeitwa kwa dala, sarafu ya shilingi tano. Taifa letu lilikwisha kuandika historia ya fedha yake vinywani mwa watu kabla mkusanyaji hajafungua daftari. (Vijana wa siku hizi nao wanaendelea: jero, buku, msimbazi. Walimu wengine huyachukia maneno haya. Sisi tungewashauri wayaandike pamoja na mwaka waliyoyasikia.)

Noti za kwanza za bara letu zilitolewa mwaka 1905 na benki ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, zikachapwa Leipzig kwa ustadi mkubwa: ya rupia 5 ina simba wawili, ya rupia 10 ina bandari ya Dar es Salaam, na zile kubwa zina sura ya Kaizari. Tarehe yake ni ya mwaka 1905, maneno yake ni ya Kijerumani, na ahadi yake ni kulipa huko Dar es Salaam. Ni noti nzuri, tunakiri, nayo ni nzuri kama barua ya mtu asiyekuandikia wewe.

Vita vya 1914 vilipofunga bahari, karatasi za Leipzig hazikufika tena, na hapo ndipo noti za Kijerumani zinapoanza kutuvutia. Serikali ya koloni ikachapa noti za muda humu humu nchini kati ya mwaka 1915 na 1917, kwa karatasi yoyote iliyopatikana, nyingi zikitiwa sahihi kwa mkono. Sarafu za dharura zikapigwa Tabora mwaka 1916, za shaba nyeupe na nyekundu, na hata dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo. Mwaka 1917, jeshi likiwa linakimbia porini, noti nyingine zilipigwa chapa kwa seti ya herufi za kuchezea watoto. Wakusanyaji huziita noti za porini. Msomaji akiiweka noti ya Leipzig kando ya noti ya porini anaona kuanguka kwa dola katika karatasi mbili, bila maelezo ya ziada.

Hapa pia pana somo la kwanza la bei, nalo huwashangaza wengi: uzee si thamani. Noti ya muda ya rupia moja ya mwaka 1915 au 1916 ina umri wa zaidi ya karne, lakini zilichapwa nyingi na nyingi zilisalia, hivyo bei yake ni ndogo. Kwa upande wa pili, noti za rupia za Serikali ya Unguja, zilizoanza mwaka 1908 zikiwa na jahazi upande mmoja na wachuma karafuu upande wa pili, zilirudishwa na kuondolewa mwaka 1936 Unguja ilipoingia katika shilingi ya Afrika Mashariki. Watu walizibadilisha, kwa sababu rupia tano ilikuwa mali. Zilizosalia ni chache mno, na mnadani London hushindaniwa na matajiri. Kilichofanya noti hizo kuwa adimu ni uhitaji wa watu walioshindwa kumudu kuziweka. Wenye katalogi hawaandiki hivyo, lakini ndivyo ilivyo.

Baada ya vita, Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa London mwaka 1919. Shilingi zake zilianza mwaka 1921, kuanzia noti ya shilingi 5 hadi ya shilingi 10,000, ambayo hatudhani kama kuna mkulima wa Bashay aliyewahi kuiona. Utambuzi wa noti za Bodi ni mwepesi kwa mwenye macho: sura ya mfalme au malkia inatoa kipindi, tarehe imeandikwa katika nyingi, na thamani imerudiwa kwa herufi za Kiarabu na za Kigujarati kando ya Kiingereza. Mhakiki aitazame orodha hiyo ya maandishi. Mtawala ameandikiwa, mfanya biashara ameandikiwa. Kiswahili kwa herufi za Kirumi, ambacho wakati huo kilikuwa kikifundishwa mashuleni na kuandikwa magazetini, hakikupewa nafasi. Noti ya mwisho ya Bodi, ya mwaka 1964, iliondoa sura ya malkia na kuweka chombo cha tanga juu ya maji ya ziwa. Nchi zilikuwa zimejitawala na Bodi haikuwa na kiongozi mmoja wa kumchora. Sisi twaipenda noti hiyo kuliko nyingine zote za Bodi, kwa sababu inaonyesha aibu ya mchapaji ambaye hajui tena nani ni mwenye nyumba.

Benki Kuu ya Tanzania ilifunguliwa tarehe 14 Juni 1966, na noti zake nne zikatoka: shilingi 5 ya rangi ya kahawia, 10 ya kijani, 20 ya buluu na 100 nyekundu. Zote zina sura ya Mwalimu Nyerere akiwa kijana, nembo ya taifa, na ukiinyanyua karatasi mbele ya mwanga unaona kichwa cha twiga ndani yake. Hazina tarehe. Hapa ndipo mwanafunzi anapojifunza kazi ya upelelezi. Ataijuaje noti isiyo na mwaka? Kwa sahihi. Edwin Mtei alikuwa Gavana wa kwanza kuanzia 1966 hadi 1974, akafuatwa na Charles Nyirabu hadi 1989. Basi sahihi ya Mtei ikiwa mahali pa Gavana, noti haiwezi kuwa ya baada ya mwaka 1974. Lakini Mtei huyo huyo alikuja kuwa Waziri wa Fedha kati ya 1977 na 1979. Sahihi yake ikihamia mahali pa Waziri, umepata miaka mitatu tu ya kutafuta. Vivyo hivyo Amir Jamal aliingia na kutoka katika Wizara hiyo zaidi ya mara moja, na mwenye orodha ya mawaziri mkononi anaweza kuipanga noti kama apangavyo shairi lisilo tarehe kwa kuangalia msamiati wake. Sisi ambao tumefanya kazi katika ofisi za serikali twajua kuwa sahihi ndiyo historia fupi kuliko zote: jalada linabadilika mkono, na siku ya kubadilika imo ndani yake.

Alama ya pili ni lugha. Noti za mwaka 1966 zilibeba jina la benki kwa Kiingereza, ingawa zilihesabu shilingi kwa Kiswahili. Katika toleo la mwishoni mwa miaka ya 1970 jina likawa Benki Kuu ya Tanzania. Wakusanyaji huliandika badiliko hili kama alama ya toleo na kuendelea na safari. Lakini linastahili kutulia nalo. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa tangu 1967, Kiswahili kilikuwa kikitumika bungeni na mahakama za mwanzo, na bado ilichukua zaidi ya miaka 10 kwa karatasi ishikwayo na kila mtu kutaja kwa lugha ya kila mtu jina la aliyeitoa. Mwalimu wa Kiswahili anayetafuta mfano wa safari ya lugha ya taifa asihangaike. Uko mfukoni mwa babu.

Sasa tufike kwenye picha. Noti nyekundu ya shilingi 100 ya mwaka 1966 ilitoka kwa sura mbili. Nyuma ya ile ya kwanza yupo mchungaji wa Kimasai pamoja na mifugo yake. Nyuma ya ile ya pili wako wanyama mbalimbali, na mchungaji hayupo. Katalogi inazipa nambari mbili, 4 na 5, na bei mbili. Sababu haitajwi, nasi hatutaibuni. Lakini fikirini jinsi picha hizo zinavyosomwa na mfugaji wa Kidatoga. Mwaka 1966 shilingi mia ilikuwa sawa na pauni tano za Kiingereza, au dola 14 za Kimarekani. Ilikuwa ni fedha ya ng'ombe, si ya sukari. Mfugaji alimtoa mnyama, akapokea karatasi yenye mtu afananaye naye akiwa na mifugo. Kisha likaja toleo ambalo mtu ametoweka na wanyama wamebaki. Hatusemi kwamba mchoraji alikusudia neno hilo. Tunasema kwamba neno hilo linasomeka, na kazi ya mhakiki ni kusoma kinachosomeka.

Na mbona limeendelea kusomeka? Zitazameni noti zilizofuata kwa mpangilio wa miaka. Ya shilingi 10 ya mwaka 1966 ina mkonge ukianikwa. Ya shilingi 20 ya mwishoni mwa miaka ya 1970 ina mashine ya kufuma pamba, na ya 100 ina mwalimu na wanafunzi wake. Toleo la mwaka 1985 lina kiwanda cha matairi katika noti ya 20, wafyatua matofali katika ya 50, na maandamano ya wahitimu katika ya 100. Ya 200, yenye sura ya Rais Mwinyi, ina wavuvi. Kila noti ilikuwa na kazi ndani yake, na kazi hiyo ilikuwa na mikono. Halafu katika miaka ya 1990 twiga akachukua mahali pa rais, na toleo la mwaka 2003 likaleta nyati, simba, kifaru na tembo, kila mmoja na thamani yake, akiwa amebaki Mwalimu peke yake kwenye noti ya shilingi 1,000. Upande wa nyuma yamejengwa majumba: Ikulu, Ngome Kongwe ya Unguja, jengo la Benki Kuu. Majumba ni mazuri, na tembo ni mnyama wa heshima. Lakini mkulima wa mahindi wa Bashay, ambaye tembo kwake ni hasara ya usiku mmoja, ana haki ya kuuliza ni nani anayetazamwa usoni na noti ya shilingi 10,000. Sisi tunadhani ni mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege. Hii ni hukumu yetu, wengine wataipinga kwa kusema kwamba hifadhi za wanyama nazo ni kazi na zinalipa mishahara. Ni kweli. Hata hivyo askari wa wanyamapori naye hayumo katika picha.

Noti ya kiwanda cha matairi inastahili sentensi zaidi. Nchi hii ilikuwa na kiwanda cha matairi mjini Arusha, ambako vijana wengi wa Mbulu na Hanang, wilaya zilizokuwa za Mkoa wa Arusha kabla ya Mkoa wa Manyara kuanzishwa mwaka 2002, walikwenda kutafuta kazi mjini. Kiwanda kikasimama mwaka 2009. Leo mwanafunzi akiulizwa picha ile ni nini hutaja mashine ya kusaga. Noti ya shilingi 20 haina bei kwa mkusanyaji. Zilichapwa kwa wingi na hata mpya kabisa hupatikana kwa fedha kidogo. Kwa kipimo cha soko ni karatasi duni. Kwa kipimo cha mtu anayetaka kujua taifa lilijionaje mwaka 1985, ni hati.

Tumefika kwenye ugomvi wetu. Bei ya noti kwa mkusanyaji hutokana na mambo matatu: uchache wake, wingi wa wanaoitaka, na hali yake. Juu ya mawili ya kwanza hatuna neno. La tatu ndilo lenye kasoro. Hali ya noti hupimwa kwa ngazi, kutoka iliyochakaa hadi isiyopata kutumika, na siku hizi makampuni ya Marekani yanatumia alama hadi 70, kipimo kilichobuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya sarafu. Mkunjo mmoja katikati unashusha alama. Tundu la pini, ambalo makarani wa benki walikuwa wakilitoboa kila siku wakifunga mafungu, linashusha. Doa, harufu, maandishi ya kalamu, ncha iliyopinda, vyote vinashusha. Noti ya juu kabisa ni ile ambayo haijawahi kununua kitu.

Kwa nini wameamua hivyo? Sababu ipo, wala si upumbavu. Karatasi safi inaonyesha rangi na mistari kama alivyoiacha mchapaji, haiwezi kudanganya kwa kiraka, na ni rahisi kulinganishwa na nyingine. Mkusanyaji anakusanya kazi ya mchapaji. Lakini taifa halikusanyi kazi ya mchapaji, ambaye zaidi ya hayo alikuwa Uingereza. Taifa linakusanya maisha ya noti, na maisha yake yako katika mikunjo ile ile inayotozwa faini.

Huko Bashay mama mmoja wa umri wa miaka themanini na zaidi alitutolea noti mbili za shilingi tano za mwaka 1966. Ziliachwa na marehemu mumewe. Moja ilikuwa imekunjwa mara nne, hudhurungi kuliko kahawia yake, nayo ilinuka moshi wa tembe. Ya pili ilikuwa nyoofu, inang'aa kwa namna isiyo ya kawaida. Mjukuu aliyemaliza kidato cha nne alikuwa ameiosha kwa sabuni na kuipiga pasi ya mkaa, baada ya kusikia kwamba safi ndiyo yenye bei.

"Mchuuzi alikuja," mama akasema. "Hii ya moshi aliitupa hapo chini. Ile nyingine aliitazama, akauliza nani ameipiga pasi. Akacheka, akaenda zake."

Tukamwuliza kwa nini mzee aliziweka.

"Aliuza dume lake mnadani, akapewa hizi zenye Mwalimu. Zilikuwa mpya kwake. Akasema, mbili hizi hazinunui kitu, zitakaa. Tulikula mboga bila chumvi wiki ile, mwanangu, na shilingi kumi iko darini."

Mchuuzi, kwa elimu yake, hakukosea. Noti ya shilingi 5 ya mwaka 1966 ni nambari 1 katika orodha ya Tanzania, lakini ni nyingi. Iliyokula moshi haina soko, na iliyooshwa ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yameondoa ugumu wa karatasi na pasi imelaza wino uliokuwa umeinuka. Mwanafunzi alijue hilo: noti kuukuu haioshwi, haipigwi pasi, haibandikwi utepe wa gundi, wala haitiwi katika mfuko wa plastiki laini utoao mafuta. Huwekwa katika bahasha ya karatasi kavu, mbali na jua. Kijana yule aliharibu kwa nia njema, na aliyemwambia kuwa safi ndiyo yenye bei hakumwambia maana ya safi.

Lakini elimu ya mchuuzi iliishia pale alipoitupa noti ya moshi. Kwa mhakiki, noti hiyo ndiyo iliyokuwa andiko kamili. Ina toleo, ina sahihi, ina sura ya Mwalimu. Juu ya hayo ina alama za nyumba ilimolala na uamuzi wa mtu aliyekula mboga bila chumvi ili picha ya kiongozi wa nchi mpya ikae darini. Ile ya pasi ilikuwa na habari hiyo hiyo, nayo imefutwa. Hakuna ngazi katika alama 70 inayoweza kuhesabu hasara hiyo, kwani kwa kipimo kile moshi ni uchafu tu. Wasomaji wa fasihi wanalijua kosa la namna hii. Ni kosa la mhariri anayesafisha utenzi ulioandikwa na mtu wa kijijini, anayeondoa kila neno la lahaja, kisha anashangaa kwamba shairi halina mwenyewe.

Tusimtupie lawama mgeni peke yake. Sisi wenyewe tuna kipimo chetu kibovu, kile cha uvumi. Katika sehemu nyingi za nchi yetu watu wamechimba mashimo wakitafuta mali iliyozikwa na Wajerumani, na rupia ya kawaida imetangazwa kuwa na nguvu za ajabu na bei ya mamilioni. Matapeli wameishi vizuri kwa imani hiyo. Mtu aliyeaminishwa kwamba rupia yake ni milioni kumi hataipeleka shuleni itazamwe. Ataificha, na siku akigundua ukweli ataitupa kwa hasira. Kipimo cha mkusanyaji kinafanya mzaha na noti ya moshi, na kipimo cha uvumi kinaidanganya. Tofauti yake ni kwamba cha kwanza angalau kinaweza kuthibitishwa.

Yapo na malalamiko yetu juu ya katalogi yenyewe. Orodha kuu ya noti za dunia, iliyoanzishwa na Mjerumani Albert Pick katika miaka ya 1970, ni kazi ya uvumilivu ambayo mwenye kuidharau hajaitumia. Lakini imepanga karatasi za nchi yetu katika droo nne: Afrika Mashariki ya Kijerumani, Afrika Mashariki, Unguja, na Tanzania. Tanganyika haina droo, maana haikuwahi kutoa noti kwa jina lake. Bibi wa Bashay ambaye katika maisha yake amelipa kwa shilingi za Bodi na za Benki Kuu, na ambaye mama yake alilipa kwa rupia, amegawanywa na katalogi kama mgonjwa aliyepelekwa wodi tatu. Orodha iliyoandikwa nyumbani, kwa Kiswahili, ingezifuata noti hizo kwa mpangilio wa mkono uliozipokea.

Wala sheria haitusaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 iliweka mwaka 1863 kuwa mpaka wa vitu vya kale vinavyolindwa kwa umri wao. Noti ya kwanza ya bara ni ya 1905. Kwa hiyo karatasi yote ya fedha ya taifa letu, kuanzia simba wa Leipzig hadi wafyatua matofali, iko upande wa pili wa mpaka, na kijumba kidogo cha makumbusho cha shule ndicho pengine ulinzi wa karibu ulio nao.

Tukaona shule ya sekondari iliyo jirani na Bashay yaweza kuanza hata bila fedha. Wanafunzi waende kwa wazee wao, wasinunue, wasiahidi bei, waombe kutazama. Kwa kila noti waandike katika daftari thamani, rangi, lugha ya jina la benki, sahihi zote mbili, nambari ya mfululizo, picha ya nyuma, kisha waache nusu ya ukurasa kwa ajili ya maneno ya mwenye noti. Katika ukurasa huo wa mama wa Bashay, mbele ya neno "hali", mwanafunzi mmoja aliyekuwa pamoja nasi alikuwa ameandika "chafu". Tukamwomba asome tena maneno ya mama. Akalikata, akaandika: "Ilikaa darini miaka mingi, juu ya moto."